Kengele Nyekundu ya Ofisa Takwimu

Kwenye treni ya asubuhi nilikaa mkabala na watu wawili wasiojuana: muuguzi wa zahanati na bwana mmoja mwenye kompyuta mapajani. Bwana alisema yeye ni ofisa takwimu wa afya, anakwenda kwenye semina ya kuzindua mfumo mpya wa kuripoti, wa nne tangu aajiriwe.

"Kaka, huu wa sasa una ubaya gani?" muuguzi akauliza.

"Umepitwa na wakati, dada yangu. Hauchori hata grafu."

"Mbona unachora? Bonyeza hapo juu, palipoandikwa Ripoti."

Bwana akabonyeza. Grafu ikatokea, ya rangi tatu, naye akaikodolea macho kama mtu aliyegundua kwamba nyumba yake ina chumba kingine.

"Na hiyo kengele nyekundu pembeni?"

"Hiyo huwa naiacha. Inasumbua tu."

"Ifungue, tafadhali."

Zilikuwa taarifa kumi na moja, zote za zahanati moja: watoto wenye surua wanaongezeka, chanjo imeisha. Ya kwanza ilikuwa na wiki tano.

"Ni mimi niliyezituma," muuguzi akasema, bila hata kupandisha sauti.

Bwana akajikohoza. "Unaona sasa? Ndiyo maana tunahitaji mfumo mpya. Huo utakuwa na kengele kubwa zaidi."

Muuguzi akapiga namba kwenye simu yake, akamwekea bwana sikioni. Treni ikasimama kituo cha semina. Nilishuka nikimwacha bwana amekaa, na simuni mtu anasema, "Haloo, bohari ya dawa."