Neno Nililolikisia Mbele ya Jaji

Bwana Liwali, Bwana Hakimu, masheikh wetu, wazee mliotoka Kibuta na Ruvu, akina mama, na nyinyi makarani wenzangu: assalaam alaykum.

Mmenisifu sana leo. Mmesema Mwinyimadi amekuwa mkalimani wa mahakama tangu mwaka 1928, na katika miaka ishirini na sita hakuna neno la Kiingereza lililomshinda. Sifa hiyo si yangu, na sitaki kustaafu nayo.

Ujanani nilipenda maneno marefu, hasa yenye herufi ya Q, ambayo Kiswahili chetu hakina. “Quinquennial”, “perquisite”: niliyatamka barazani, watu wakanistaajabia. Nani angedhani yapo nisiyoyajua?

Mwaka 1938 Twalibu wa Kibuta alisimamishwa mbele ya jaji, hapa hapa Kisarawe. Kaka yake alikuwa amechoma nyumba ya jirani, mtu akafia ndani, na kaka mtu alikwisha hukumiwa kitanzi. Mwendesha mashtaka akauliza kama Twalibu naye “acquiesced”. Neno lile sikulijua. Ningeuliza, lakini ukumbi ulijaa, na wote wakinitazama mimi. Nikakisia.

“Ulikuwepo kaka yako alipopanga?” nikamwuliza Twalibu.

“Nilikuwepo.”

Nikamgeukia jaji, nikasema, “Yes, my Lord.”

Jaji akaandika. Mwendesha mashtaka akaketi kama mtu aliyemaliza kazi. Mama yake Twalibu, Bi Mboni, akaniinamishia kichwa kunishukuru, akidhani nimemsemea vizuri mwanawe.

Nikasema, “Bwana Jaji, neno lile silijui. Nimekisia.”

Jaji akavua miwani. “Maana yake ni kuridhia. Muulize upya.”

Nikamwuliza. Twalibu akasema, “Niridhie vipi? Nilimshika mkono kumzuia, akanisukuma nikaanguka.” Majirani wawili wakaapa kwamba waliona. Siku ya tatu akaachiwa.

Lakini jaji hakuwa amemalizana nami. “Umefanya kazi hii miaka kumi,” akasema. “Mengine mangapi hukuyajua?”

“Sijui, Bwana.”

Niliondolewa kwenye ukalimani, nikapanga majalada miaka miwili kabla ya kurudishwa. Hilo halikuniuma. Liliniuma swali lile, na linaniuma hadi leo. Ndugu zangu, kama yupo hapa niliyemsemea kabla ya mwaka ule, au mwanawe, au mjane wake, namwomba asiondoke hatujaonana. Nitakaa kwenye benchi ile ya mlangoni mpaka mtu wa mwisho atoke.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu.