Honorata Leonardi na Chanjo za Sigunga

Mama Honorata Leonardi, tuliyekuja kumsindikiza leo hapa Bangwe, alizaliwa Gungu tarehe 12 Mei 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Leonardi Feliksi, fundi wa reli, na Mama Catherine. Tangu utotoni alikuwa mtu wa wasiwasi. Mama yake alisimulia kwamba akishafunga mlango hurudi kuutikisa, akikaa kidogo hurudi tena.

Alisoma shule ya msingi Gungu, akamaliza sekondari Tabora mwaka 1979 na kusomea uuguzi hukohuko. Mwaka 1983 aliajiriwa wodi ya watoto mjini Kigoma. Huko aliona surua ikiingia mtaa mmoja na kuondoka na watoto wa nyumba nyingi. Tangu hapo hakuliogopa jambo lingine kama surua.

Mwaka 1996, wakimbizi walipoanza kuvuka ziwa kutoka Zaire, alijiunga na shirika moja la misaada. Alipewa lori kuukuu lililogeuzwa nyumba: nyuma kulikuwa na kitanda, jiko la gesi na friji ndogo ya volti kumi na mbili ya kutunzia chanjo. Friji hiyo ilitumia betri zilizokuwa chini ya kitanda, nazo zilichajiwa na sola ya juu ya paa na dinamo ya gari. Honorata alilala ndani. Dereva wake, Bariki Dismasi, alilala kwenye hema nje.

Mwezi Novemba waliegesha Sigunga, kusini mwa Ilagala, mitumbwi ikishusha watu kila siku. Dinamo ikafa. Kisha mawingu yakatanda na sola ikawa haileti kitu. Honorata alifungua kitanda kutazama betri, akatazama kipimajoto, akarudi kwenye betri. Chanjo za surua zikipata joto huwa maji tu, na mitumbwi mingine ilikuwa bado njiani. Mwishowe Bariki aliunganisha friji na betri ya gari lenyewe.

"Hii ndiyo ya mwisho, dada," alimwambia. "Ikiisha, lori haliwaki."

Kesho yake asubuhi waliletewa Mapendo, mwanamke kutoka mji wa Baraka ng'ambo ya ziwa, aliyekuwa na uchungu tangu akiwa mtumbwini. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Bila upasuaji, wangekufa wote wawili.

"Litawaka?" Honorata aliuliza.

"Sasa hivi, labda. Jioni, hapana."

Alisimama mbele ya friji mkono ukiwa juu ya mfuniko. Kisha akazichomoa nyaya yeye mwenyewe. Alihamisha vichupa kwenye kasha lenye barafu kidogo iliyobaki, akashuka nalo. Mkunga wa kijiji, Mama Fatu, alipanda kumshikilia mgonjwa. Lori lilikohoa, likakataa, likakohoa tena, likawaka, na Bariki akaliondoa kuelekea hospitali. Honorata alibaki ufukweni na kasha lake.

Aliita kila mama mwenye mtoto ambaye hajachanjwa, akachoma hadi vidole vikafa ganzi, huku akichungulia kipimajoto kila baada ya watoto wachache. Mchana joto lilipita mpaka, naye akafunga kasha. Ndipo mtumbwi mwingine ukafika. Mama mmoja alimsogezea mwanawe, Amisi.

"Mama muganga, umuchome tu hivyohivyo."

"Nikimchoma utadhani amekingwa, mama. Hii imeshakufa."

Yule mama aliketi mchangani akalia. Honorata aliketi naye.

Bariki alirudi na habari kwamba Mapendo amejifungua salama mtoto wa kiume, lakini chanjo mpya zilichelewa. Kila asubuhi Honorata alizunguka kwenye vibanda akifunua kope na kutazama nyuma ya masikio ya watoto wa mtumbwi ule. Walioanza kupata homa aliwatenga. Kabla chanjo hazijafika, surua ilimkamata Amisi. Honorata alimuuguza ndani ya lori, kwenye kitanda chake. Amisi alipona, ila jicho moja halikuona tena. Honorata aliwatembelea kambini hadi familia hiyo iliporudi kwao. Alipoulizwa kama siku ile alifanya sawa, alijibu, "Mapendo yupo hai. Jicho la Amisi halipo. Mimi nayajua hayo mawili tu."

Bariki alimposa mwaka 1998, akimwambia amejenga nyumba Bangwe yenye umeme.

"Haukatiki?" aliuliza Honorata.

"Unakatika."

"Basi angalau husemi uongo."

Walifunga ndoa Kigoma tarehe 19 Septemba 1998, wakajaliwa Martini na Agripina.

Alistaafu mwaka 2016, presha ikiwa imeshamsumbua. Mwaka uliofuata figo zilianza kushindwa. Ugonjwani alikuwa mtulivu kuliko sisi tuliokuwa tukimuuguza. Alfajiri ya tarehe 14 Julai 2019 alimwomba Bariki amgeuze atazame dirishani, na hapo pumzi ikakatika.

Ameacha mume, watoto wawili, dada yake Perpetua, mdogo wake Anatoli, na wajukuu wa ukoo waliomwita Bibi Sindano.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pasipo na hofu, naye apate raha ya milele. Amina.