Mpunga Ulifunikwa, Bibi Nyanzala Akalowa

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo tunapokaa pamoja kumkumbuka mtu aliyetutoka, na leo naomba mniwie radhi mapema. Mmezoea kunisikia naongea taratibu. Leo nina hasira, na sitaificha.

Tunamkumbuka Bibi Nyanzala Maduhu. Narudia, Bibi Nyanzala Maduhu, mkazi wa Usevya, aliyefariki Jumapili iliyopita hapa Mpanda kwa homa ya mapafu. Amezikwa juzi kwake Usevya. Ameacha binti mmoja, Lucia, na wajukuu wawili mapacha, Kulwa na Doto, ambao hata kukaa wenyewe bado hawajaweza.

Bibi Nyanzala alikulia kwenye ng'ombe. Wazazi wake walihama na mifugo kutoka Usukumani, yeye akiwa binti mdogo, wakaweka boma Usevya. Kukamua alijua kabla hajajua kusonga ugali. Vibuyu vyake vya maziwa vilikuwa na sifa. Alivifukiza kwa kijinga cha moto, akamimina maziwa mapya juu ya masalia ya jana, na mgando wake watu waliufuata kutoka vijiji vya jirani. Mume wake alipofariki, mifugo ilipungua, lakini vibuyu havikukauka. Lucia amesomeshwa na vibuyu hivyo mpaka akapata cheti cha uhasibu.

Lucia akapata kazi hapa mjini, kwenye ghala moja la kununua mpunga, upande wa stesheni. Jina la ghala sitalitaja. Wenyewe wanajijua. Akaolewa na Zablon, fundi wa machimboni, ambaye nyumbani huonekana mwisho wa mwezi. Mwaka huu Mungu akawapa mapacha. Likizo ya uzazi ikaisha, Lucia akarudi ofisini na pampu ya mkono ya kukamulia maziwa ndani ya mkoba.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ghala lile lina friji. Friji la soda na maji ya wateja. Lucia alimfuata meneja, akaomba kona tu ya kuweka chupa zake za maziwa, zenye vifuniko. Meneja akamwambia mteja akiona maziwa ya mtu karibu na soda yake atatapika. Lucia akaomba basi muda wa kwenda kunyonyesha, muda ambao sheria ya kazi ya nchi hii inampa mama anayenyonyesha. Akajibiwa kwamba pale ni ghala, siyo kliniki.

Kwa hiyo mama wa watoto wawili akawa anajikamua chooni. Chooni, wasikilizaji. Chakula cha mtoto kinaandaliwa chooni, halafu kinashinda kwenye mkoba, kwenye joto hili tunalolijua sisi wa Mpanda. Jioni akifika nyumbani Nsemulwa maziwa yameshachacha. Anayamwaga huku analia. Doto, ambaye alizaliwa mdogo kuliko mwenzake, akaanza kupungua.

Hapo ndipo Bibi Nyanzala alipokuja kutoka Usevya na kibuyu chake. Alikuja kuokoa maziwa. Kwake yeye, maziwa yakiharibika basi yamekosa chombo. Akachukua maziwa ya Lucia, akayamimina kwenye kibuyu kilichofukizwa, juu ya masalia ya mgando, kama alivyofanya maisha yake yote na hakuna aliyeumwa. Akawanywesha wajukuu kwa kijiko huku akiwaimbia. Haikuchukua muda, watoto wote wawili wakaanza kuharisha. Wakalazwa, Doto macho yameingia ndani.

Muuguzi akauliza watoto wamenywa nini. Bibi Nyanzala hakumwachia Lucia ajibu. Alisema, "Ni mimi. Niliweka kwenye kibuyu, nikajua nasaidia." Muuguzi akamfokea mbele ya wodi nzima, kwamba amekuja mjini kuua wajukuu. Maneno yakatoka wodini yakafika mtaani, na ya mtaani mnajua yanavyonenepa. Mama wa watu akawa anakwenda bombani, nyuma yake wanasema mchawi.

Alikosea. Hilo alilisema mwenyewe na mimi silifuniki. Maziwa ya mama hayachanganywi na mgando. Yanawekwa kwenye chombo kilichochemshwa, chenye kifuniko, mahali pa baridi. Lakini mahali pa baridi palikuwepo, nyie. Palijaa soda. Mbona aliyemkatalia Lucia mahali pale hakuitwa mchawi?

Wasikilizaji wapendwa, watoto walipona. Narudia, Kulwa na Doto walipona. Bibi Nyanzala akasema habari ya kuhifadhi maziwa basi. Kama maziwa hayafiki kwa watoto, watoto watayafuata yalipo. Akamfunga Kulwa mgongoni, Doto kifuani, akatembea kwa miguu kutoka Nsemulwa mpaka kwenye geti la ghala. Akafanya hivyo kila siku ya kazi.

Mlinzi wa pale, Gratien, baba mtu mzima wa Katumba, alimtolea kigoda. Meneja akaamuru kigoda kirudi ndani. Watoto nao wasivuke geti, akasema, ndio utaratibu wa usalama. Basi mchana Lucia anatoka, anachuchumaa ukutani, Kulwa titi hili na Doto titi lile, malori yanawatimulia vumbi. Mhasibu wa ghala zima, ananyonyesha barabarani kama mtu asiye na kwao.

Siku moja meneja alisimamisha gari lake pale getini, akamuuliza bibi ataacha lini kuiaibisha ofisi. Gratien alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Anasema bibi hata hakusimama. Alimjibu hivi:

"Mwanangu, mimi nimekamua tangu mdogo. Hata ng'ombe, ndama anaachiwa titi kwanza, ndipo mtu naye anakamua. Nyie mnakamua tu."

Meneja akapandisha kioo akaingia zake ndani.

Kisha mvua zikaanza. Siku ile magunia ya mpunga yalikuwa bado uwanjani, hayajaingizwa. Mvua ilipoanguka, vibarua walikimbia na maturubai, wakafunika magunia yote, hata yale yaliyokuwa yamepasuka. Gratien alipiga simu ofisini kuomba amwingize bibi na watoto chini ya paa. Akaambiwa hapana, utaratibu ni uleule. Bibi Nyanzala akatoa mfuko wa nailoni, akawafunika wajukuu, akainama juu yao mpaka mvua ikapita. Lucia alipopata nafasi ya kutoka, watoto walikuwa wakavu, wamelala.

"Mayu alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana," Lucia aliniambia. Mayu ndiyo mama, kwa Kisukuma. "Nikataka nimvue nguo zile. Akasema nyonyesha kwanza, mimi nitakauka."

Kifua kikamshika. Akalazwa hospitali ileile alikofokewa, na Jumapili akafariki. Mimi si daktari, na sisemi mvua ndiyo iliyomuua. Nasema mpunga ulifunikwa.

Kwako Lucia, kwako Zablon, kwa ukoo wote wa Maduhu kule Usevya, tunawapa pole nyingi. Mungu awashike pale ambapo maneno yetu hayafiki. Zablon ameniomba niseme jambo moja hewani, nami nalisema kwa maneno yake: "Mama mkwe wangu hakuwa mchawi. Watoto wangu wako hai kwa sababu yake." Mtaa wa Nsemulwa, mmesikia.

Na nyie wenye maofisi, wenye maghala, wenye mashine za kukoboa na maduka makubwa, kaeni leo mjiulize. Yule mama aliyerudi kazini juzi, anajikamulia wapi? Maziwa yake yanalala wapi? Ukijua ni chooni na ni kwenye mkoba, na friji lako lina nafasi, basi usinitumie salamu kwenye kipindi hiki akifiwa.

Maana leo asubuhi ghala lile limeleta hapa studio salamu za rambirambi, zimepigwa chapa na muhuri juu, wanaomba nizisome hewani. Wanasema wako pamoja na mfanyakazi wao katika wakati huu mgumu. Nikampigia Lucia kumuuliza kama anataka nizisome. Akaniambia ruhusa yake ya msiba inaisha kesho, na Jumatatu anatakiwa mezani. Watoto bado wananyonya, na wa kuwaleta getini hayupo tena. Amewauliza ofisini afanyeje, hawajamjibu.

Wamjibu yeye kwanza. Salamu zao ziko hapa mezani kwangu, sijazisoma.