Thobias Rwegoshora na Orodha ya Timu Sitini na Nne

Baba paroko, majirani wa ghorofa ya kumi na moja, wafanyakazi wenzake na nyote mliofika Jumamosi hii ya tarehe 22 Mei 1999, familia imesimama hapa kueleza maisha ya Thobias Rwegoshora kama yalivyokuwa, pamoja na ile sehemu ambayo baadhi yenu mliomba isisomwe, na kwa kuwa mjane wake ameamua isomwe, itasomwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949 katika kijiji cha Kanyigo, wilaya ya Bukoba, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, akabatizwa mwezi huohuo, akaanza shule ya msingi mwaka 1957 na kumaliza mwaka 1964, kisha akaendelea na sekondari katika shule ya misheni. Mwaka 1969, akiwa kidato cha tano, aliandika kwenye karatasi nafasi za wanafunzi wote thelathini na mmoja wa darasa lake siku tatu kabla matokeo hayajabandikwa, akapatia ishirini na nane, na mkuu wa shule akamchapa viboko sita mbele ya wenzake kwa kosa la kufungua kabati la mitihani, kabati ambalo hakuwahi hata kuliona. Alichokuwa amefanya ni kuwaangalia walimu, yupi anapenda mwandiko mzuri, yupi anasahihisha haraka siku ya Ijumaa, yupi hampi mtu alama mia hata akistahili, akajumlisha.

Alisoma hisabati na ualimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia mwaka 1971 hadi 1974, akafundisha Mwanza na Bukoba kwa miaka kumi na miwili, na wapo watu humu ndani wanaojua kugawanya sehemu kwa sehemu kwa sababu yake. Tarehe 9 Julai 1977 alifunga ndoa na Leokadia, mkunga wa hospitali ya wilaya, wakajaliwa mabinti wawili, Prudence aliyezaliwa mwaka 1978 na Wema aliyezaliwa mwaka 1985.

Septemba 1986 alikuja Toronto kusomea shahada ya pili ya takwimu, familia ikamfuata mwaka uliofuata, akahitimu mwaka 1988, akaomba kufundisha. Jopo lilikaa, likapitia vyeti vyake, na tarehe 3 Machi 1989 likamwandikia barua ya mistari miwili kwamba miaka yake kumi na miwili ya ualimu haihesabiki, bila kusema nani alikaa, walitazama nini, wala kwa nini. Juni mwaka huo aliajiriwa katika ghala la vipuri vya magari hapa Scarborough, kazi yake ikiwa kuhesabu vilivyomo kwenye rafu, na rafu hizo alizihesabu mpaka Januari mwaka huu.

Sasa inafuata sehemu yenyewe.

Mwezi wa Mei 1990, katika chumba cha chakula cha ghala hilo, mtu aliacha gazeti la ng'ambo ya ziwa, upande wa Marekani, na kwenye ukurasa wa nyuma palikuwa na malalamiko ya kocha wa besiboli wa chuo fulani, timu yake imeshinda mechi arobaini na moja na imeachwa nje ya mashindano ya mwisho wa msimu, wakati timu iliyoshinda thelathini na tano imeingizwa. Thobias aliyasoma malalamiko yale mara tatu, chakula kikapoa. Hakuwahi kushika rungu la besiboli maishani mwake, lakini alielewa mara moja kuachwa nje na watu waliojifungia chumbani.

Kwa wasioujua mchezo huo, na wengi wenu hamkutaka kuujua, mambo yalikuwa hivi, kila mwisho wa Mei kamati ya watu wachache ilichagua timu arobaini na nane kutoka vyuo vya Marekani, nyingine zikiingia kwa kuwa mabingwa wa ligi zao na zilizobaki kwa hiari ya kamati, kisha ikazigawa makundi manane ya timu sita, na ndani ya kila kundi ikazipa nafasi, ya kwanza ikianza na ya sita, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne, hivyo nafasi uliyopewa ndiyo iliyokupa njia rahisi au njia ya kurudi nyumbani mapema. Kamati haikuwa na desturi ya kueleza sababu zake. Thobias aliamua kuzijua.

Alizijua kwa kazi, kila Jumamosi akipanda basi hadi maktaba kunakili matokeo kwenye madaftari ya miraba, akisikiliza redio za ng'ambo ya ziwa jioni, akiandikia vyuo barua kuomba orodha za mechi zao, na vyuo vikajibu, kwa adabu, kwa jina lake. Mwaka 1991 alitabiri kwa mara ya kwanza na kupata timu thelathini na tisa kati ya arobaini na nane, akakasirika na nafsi yake kwa wiki nzima, kwa kuwa alikuwa ameamini hesabu tupu, akasahau kwamba wale ni watu, wanapenda uwanja unaojaa, wanapenda safari fupi za basi, wanakumbuka zaidi mechi za mwisho kuliko za mwanzo, na hawakutanishi mapema timu za ligi moja, jambo aliloliita sheria ya ndugu wasiooana. Mwaka 1992 alipata arobaini na tatu, mwaka 1993 arobaini na tano, na alimweleza Prudence, aliyemuuliza kwa Kiingereza kama si bahati tu, kwamba kila kamati ina mazoea, na mazoea yanahesabika.

Mwaka huo wa 1993 Bwana Alnasir, mzaliwa wa Moshi mwenye duka la fotokopi katika plaza ya Lawrence, alianza kumchapia orodha hiyo kwenye karatasi za njano, akamwambia, "Mwalimu, andika jina lako kubwa, karatasi haina uchoyo." Nakala zilikwenda kwa makocha, kwa maktaba, na nakala moja ilikwenda kwa gazeti la michezo la kila wiki la hapa mjini.

Machi 1994 mwandishi mwenye safu ya besiboli katika gazeti hilo alimwita, akamnywesha kahawa, akaisifu orodha, akasema wasomaji watajikwaa kwenye jina refu namna ile, basi mwaka wa kwanza itoke chini ya safu yake, wakishaizoea jina litawekwa. Thobias alikubali. Familia haitaficha kwamba alikubali, kwa kuwa alikuwa mtu aliyeamini kwamba kitu kikisemwa kimesemwa. Mwaka 1995 aliambiwa mwaka ujao, mwaka 1996 akaambiwa mwaka ujao, na Mei 1997, orodha ilipopata timu arobaini na sita na timu saba kati ya nane zilizopewa nafasi ya kwanza, mwandishi yule alialikwa redioni kueleza siri yake, akaeleza, na Thobias akiwa jikoni na kisu cha kumenyea ndizi mkononi akamsikia mtu yule akiwafundisha watu, kwa sauti ya kujiamini, sheria ya ndugu wasiooana.

Wezi wa ng'ambo ya meza ile ya kahawa tunawafahamu. Ila Thobias aliumizwa zaidi na watu waliomwita ndugu. Tarehe 9 Desemba 1997, kwenye sherehe ya Uhuru ya chama chetu, alikwenda na vipande vya gazeti vya miaka minne ndani ya bahasha, kwa kuwa alitaka watu wake mwenyewe wajue alichokuwa akifanya, akampa mwenyekiti wa chama, na mwenyekiti akavaa miwani, akasoma jina la mwandishi kwa sauti, akageuza karatasi huku na huku, akauliza mbele ya ukumbi mzima, "Mzee Thobias, wewe uko ukurasa gani?"

Ukumbi ulicheka. Ulicheka ukashika meza. Kuanzia siku ile aliitwa Profesa wa Rungu, kwenye harusi, kwenye vipaimara, hata nje ya kanisa hili, na yeye alicheka pamoja nanyi, kisha akarudi nyumbani akaketi kitandani bila kuvua koti, na Leokadia alipomuuliza kama anaumwa alisema haumwi. Waliocheka walimtaka mzungu athibitishe kwanza ndipo waamini alichofanya Mhaya waliyemjua miaka kumi. Mwenyekiti yuko hapa leo, mstari wa pili, na shada lake ni zuri.

Mwaka 1998 Thobias alipiga simu gazetini, akasema jina lake litatoka au orodha haitatoka, mhariri akaahidi, orodha ikapelekwa, ikachapwa bila jina, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba nafasi haikutosha. Ilitosha kwa picha ya mwandishi. Timu arobaini na saba kati ya arobaini na nane mwaka huo zilikuwa sahihi.

Kisha mambo mawili yalimfikia pamoja. Novemba 1998 alianza kuumwa tumbo na mgongo, na Januari 1999 madaktari wakagundua saratani ya kongosho, na katika miezi hiyohiyo mashindano yenyewe yalibadilishwa, timu zikawa sitini na nne, makundi kumi na sita ya timu nne, na timu nane bora kupewa namba za kitaifa, ya kwanza hadi ya nane, kiasi kwamba mazoea ya kamati aliyoyasoma kwa miaka minane yalikuwa yamevunjwa na mengine hayajazaliwa. Mtu mwingine angepumzika. Yeye aliomba madaftari mapya. Alifanya kazi kitandani, Wema akiandika, baba akisema kwa Kiswahili na binti akijibu kwa Kiingereza, na muuguzi mmoja alizoea kusubiri namba iishe ndipo adunge sindano.

Jumanne ya tarehe 11 Mei mwandishi wa safu alifika wodini na maua, akauliza habari za mgonjwa, akauliza kama orodha iko tayari. Leokadia, aliyekuwa amekaa na chupa ya uji, hakusimama. Alimwambia, "Inakaribia, na jina lake limeandikwa juu. Ukilikata jina, na orodha usiichukue." Mwandishi alisema jambo hilo lingehitaji kuzungumzwa ofisini, akaondoka, akaondoka na maua yake. Thobias, ambaye wote walidhani amelala, alifumbua jicho moja akasema, "Mama Prudence, hata maua yalikuwa ya safu." Wakacheka wawili hao mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Orodha ilikamilika Jumapili ya tarehe 16 Mei, ikiwa na timu sitini na nne, nafasi zao zote, na safu ya pembeni ya akiba, huyu akifungwa fainali ya ligi yake aingie yule, kwa kuwa ligi nyingine zinamalizika kesho. Thobias Rwegoshora alifariki dunia Jumanne ya tarehe 18 Mei 1999, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, mkewe na mabinti zake wakiwa wamemshika.

Jumatano kamati ya msiba ilikaa sebuleni kwake. Mwenyekiti, kwa sauti ya upole, alishauri kwamba kwa heshima ya marehemu habari hizi zifupishwe, iandikwe tu kuwa alipenda michezo. Wengi waliitikia. Leokadia alikuwa jikoni, akatoka akifuta mikono kwenye kanga, akawaambia, "Mkiandika alipenda michezo, shemeji zangu, mtakuwa mmemzika mtu mwingine. Na huyo mwingine mimi simjui, sitavaa nguo nyeusi kwa ajili yake."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kuanzia Januari, hasa muuguzi aliyesubiri namba, inawashukuru majirani wa ghorofa ya kumi na moja waliopika bila kuulizwa, wafanyakazi wa ghala waliogawana zamu zake, baba paroko aliyefika kila Ijumaa, na Bwana Alnasir aliyeufungua mtambo wake jana akachapa mpaka wino ukamwishia. Familia hailishukuru gazeti, na shada lililoletwa na gazeti limewekwa nje, karibu na mlango, ambako halimzuii mtu kupita. Waliocheka ukumbini tarehe 9 Desemba 1997 hatuwashukuru pia, lakini hatuwafukuzi, kaeni, sikilizeni.

Nyuma ya kijitabu cha misa mlichonacho mkononi mtakuta orodha ya Thobias Rwegoshora, timu zote sitini na nne, na jina lake juu, kwa herufi kubwa. Msikiache kijitabu kwenye benchi. Keshokutwa Jumatatu kamati ya mashindano itatoa orodha yake, ipo itakayosomwa redioni na itakayoandikwa magazetini, ichukueni, muiweke kando ya hii, mstari kwa mstari, mhesabu wenyewe kwa macho yenu bila kumsubiri mtu wa kuwathibitishia. Akipatia, amepatia yeye. Akikosea, na mwaka huu anaweza kukosea sana, basi kwa mara ya kwanza katika nchi hii makosa yake yatakuwa yake.

Upumzike kwa amani, Thobias Rwegoshora, sisi tutahesabu.