Bega la Mwalimu Georgette

Bapapa, bamama, nanyi nyote mliotoka Swima, Kazimia na Kilembwe kulia pamoja nasi, mimi ni Patrice, mdogo wake wa tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, Mwalimu Georgette Nabindu, ambaye hakupenda mtu anayesoma kwa kunong'ona, basi nitapaza sauti.

Alizaliwa Swima tarehe 14 Agosti 1971, kifungua mimba wa Papa Albert Ebengo, mvuvi, na Mama Marie Nyassa, akasoma shule ya msingi palepale, akaja Baraka kusomea ualimu, na tarehe 2 Septemba 1991 akaanza kufundisha darasa la kwanza. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Bwana Jacques Asende, Mungu akawapa Bertin, Ketsia na Merveille, na hata vita ilipowavusha ziwa mwaka 1996 aliendelea kufundisha kambini Tanzania mpaka waliporudi mwaka 2006, maana mtoto kukaa bure bila kusoma kulimkasirisha kuliko njaa.

Tarehe 9 Machi 2019, akishuka kwenye boti Kazimia, aliteleza, akaangukia mkono wa kuume, na tangu hapo mkono ukakataa kupanda. Sisi wa huku dawa ya bega tunajua moja tu, limeteguka, livutwe! Akaitwa mzee wa kuunga mifupa, mashemeji wakamshika, wakapaka mawese ya moto, wakavuta, wakavuta tena, maskini dada yangu, na maumivu yakazidi. Darasani akawa anaandika chini kabisa ya ubao, batoto ba nyuma wanasimama juu ya madawati ili waone, hata mkurugenzi wa shule akamshauri awaachie vijana kazi, naye akamjibu, "Darasa yangu siachi, hata kama nitaandika na meno!"

Agosti mwaka ule alikwenda kwa Darius, kinezi wetu wa Baraka, anayetibu viungo kwa mazoezi. Darius hakuvuta kitu, aliuinua ule mkono taratibu mpaka juu, ukapanda, kisha akamwambia aushushe mwenyewe polepole, ukaanguka pu! Akasema, "Mama, mufupa iko fasi yake, ni kano ndiyo imepasuka, ile kamba inainuaka mukono." Picha ya ekografia iliyopigwa Bukavu ikathibitisha. Wengine hupona kwa mazoezi peke yake, lakini yake ilikuwa imeachana kabisa na mfupa, basi tarehe 5 Novemba 2019 madaktari wa Bukavu wakaishona.

Akarudi na mkono kwenye kitambaa cha shingoni, amekatazwa kutwanga majani ya sombe na kubeba maji, bamama wakamtania kwamba amekuwa madamu mkubwa. Kitambaa kilipotoka, alifunga kipande cha mpira wa gurudumu la kinga, yaani baiskeli, kwenye mwimo wa mlango, akawa anavuta kila asubuhi huku machozi yanatiririka, akiukaripia mkono kama mwanafunzi mvivu. Shule zilipofunguliwa tena baada ya korona, Oktoba 2020, aliandika tarehe juu kabisa ya ubao kwa mkono uleule, akakaa kitini, akalia kwa furaha.

Presha ilimwanza mwaka 2023, na tarehe 4 Mei 2024 akatutoka, hospitalini hapa Baraka. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake, na Darius, aliyekaa pale nyuma.

Alituachia agizo moja, "Muntu mwenye bega inamuumaka asibebe sanduku yangu, aende kwa Darius kwanza." Tangu asubuhi mnaulizana kwa nini mdogo wake hayuko kati ya wabebaji. Nimevuta nyavu tangu ujana, bega la kushoto halinipi usingizi, nilimficha kila mtu, yeye aliniona tu nikivaa shati, akajua. Kwa hiyo wengine watabeba, mimi nimesoma, na Jumatatu nitakuwa mlangoni kwa Darius.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Nitaenda.