Sweta Lililoruka: Kumuaga Bi Ottilie Schmiedecke

Tarehe 31 Machi 1931, Bi Ottilie Schmiedecke wa karakana ya mabawa anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Nimepewa mimi, mpiga nyundo wake Reinhold Buschke, kuandika haya kwa sababu eti najua kusema. Kuandika ni jambo jingine. Mnivumilie.

Alipoajiriwa, kiwanda hiki kilitengeneza mitungi ya kuchemshia maji ya kuoga, naye alilehemu mishono yake. Tulipoanza kuunda ndege za bati tupu, zisizo na mbao wala kitambaa, mji mzima ulitucheka: “Hao wa mabafu sasa wanataka kurusha mtungi!” Bi Ottilie, kwa wembamba wake, akapewa kazi ya kutambaa ndani ya bawa na kushikiza kipande cha chuma nyuma ya kila ribiti, ule msumari wa kuunganishia bati, nikiigonga kwa nje. Mimi, ambaye hata mlango wa kantini huniangalia kwa mashaka, nilibaki nje bila ubishi.

Ndani ya bawa sauti ya mtu ni mwangwi tu, haieleweki. Kwa hiyo tulisemezana kwa kugonga. Akigonga mara moja: piga tena. Mara mbili: imeshika, tosha.

Asubuhi moja ya Novemba 1919, vita vilikuwa vimekwisha, jeshi halinunui tena, na tumebaki na ndege moja ya abiria. Wanunuzi kutoka Uswidi walikuwa wanafika asubuhi ile ile. Wasiponunua, kiwanda kinafungwa na sote tunarudi nyumbani. Makaa hayakuwepo, karakana ilikuwa baridi kama kaburi. Bi Ottilie aliingia bawani amevaa masweta mawili, moja juu ya jingine.

Tulipofika nchani kabisa, palipo pembamba kuliko pote, nikasikia mapigo mengi ya haraka haraka. Kisha kimya. Nikagonga. Kimya. Sweta lilikuwa limenasa kwenye mikia ya ribiti, na hakuna mkono wa mtu ambao ungeweza kumfikia.

Msimamizi wetu, Bwana Zabel, akachukua mkasi wa bati. “Nakata!”

“Ukikata hatuna bawa, Bwana Zabel,” akasema mmoja, “na Waswidi wako getini!”

“Nisipokata hatuna Ottilie! Sogeeni!” “Buschke, wewe wasemaje?”

Nilikuwa nimebandika kiganja kwenye bati, jasho likinitoka kwenye baridi ile. Nikasema, “Kata.” Mkasi ukagusa ukingo wa bawa.

Ko.

Mara moja. Tukatazamana. “Anasemaje?” akanong'ona Zabel.

“Anasema nipige,” nikajibu. “Imebaki ribiti moja.”

Nikapiga, nikiomba nisikose. Ko, ko. Baada ya muda buti zikatokeza, zikafuatwa na Bi Ottilie mwenyewe, amebaki na sweta la ndani tu, mwili wote ukifuka mvuke.

“Mnanikodolea macho nini? Hamjaona mtu akitoka kazini? Nipeni kahawa, hata hiyo ya shayiri. Na wewe Buschke, mbona umelowa kama wewe ndiye uliyekuwa ndani?”

Sweta la juu alikuwa amelivua humo humo ili ajinasue, likabaki bawani. Saa ile ile Mkurugenzi akaingia na wageni, akalipiga bawa kofi kwa majivuno: “Chuma kitupu, mabwana! Hamtapata humu hata uzi mmoja!” Bi Ottilie, amejifunika koti langu linalomtosha mara mbili, alitazama dari kwa utulivu wa mtakatifu. Zabel alipatwa na kikohozi kirefu.

Walinunua. Milango haikufungwa, na sote, mimi nanyi mnaosoma haya, tumekula mkate wa asubuhi ile hadi leo. Mama mkwe wake, aliyelifuma sweta lile, bado anauliza liko wapi. Bi Ottilie humjibu kwamba liko safarini. Wasichana wote aliowafundisha baadaye, na ni wengi, somo lao la kwanza lilikuwa kuvua sweta.

Bi Ottilie, asante. Nenda kapumzishe hayo magoti, ulime bustani yako, uishi vema na kwa muda mrefu. Kwenye sherehe hatutakupigia makofi. Tutagonga meza, sote pamoja, mara mbili.

Imeshika, Bi Ottilie. Sasa toka taratibu, kahawa iko tayari.