Pole Pole kwa Daraja

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo? Mvua ya jana imewaachaje? Leo tunamkumbuka Edinah Chelangat wa Boito, aliyetutoka mwaka jana, mwezi wa tano. Edinah ndiye aliyetengeneza ile programu ya simu, Pitia Hapa.

Wageni walikuwa wakipotea kwenye mashamba ya majani chai. Na sisi tunavyoelekeza, si mnajua! "Shuka mpaka kwa duka ya Gachanja, ile ilifungwa." Jamani, duka limefungwa miaka sita, mgeni atalijuaje? Edinah alicheka mpaka machozi, kisha akasema basi simu ijifunze kwetu. Aliyepita anaacha maelekezo kwa sauti yake. Anayemfuata akifika salama, anabonyeza "Nimepita." Njia isiyopitwa miezi mitatu inajifuta, kwa sababu hata shambani njia kama hiyo huota nyasi.

Sauti ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe, kwenye njia ya kuteremka mtoni hadi kituo cha kuuzia majani, ikianza na salamu yetu ya Kikalenjin: "Chamgei! Shika kulia kwa mikaratusi. Pole pole kwa daraja. Ukipotea uliza Aron, yeye hana haraka."

Aron ni mumewe. Edinah alipofariki, kituo kilikuwa kimehamishwa, hakuna aliyeshuka huko tena. Basi Aron akawa anashuka mwenyewe kila Jumamosi, anasikiliza, anabonyeza "Nimepita," anapanda mlima. Dada yake, Rodah, alimshauri ainakili ile sauti aiweke nyumbani. Akakataa. "Hiyo ni maneno ya njiani. Nikiwa kwa kiti, ananiambia nishike kulia niende wapi?"

Alimkosa sana mkewe, wasikilizaji. Alimkosa sana.

Mwezi uliopita mto ulifurika ukabeba daraja. Aron alisimama ukingoni, simu mkononi. Angebonyeza "Nimepita," nani angejua? Lakini mgeni angeamini, akashuka. Rodah alimkuta ameketi kwenye nyasi mbichi.

"Alisikiza mara tatu," Rodah anatuambia. "Ya nne akabonyeza 'Njia imekatika.' Ile sauti ikajifuta, ikanyamaza. Woi, hata mimi nililia."

Aron, Rodah na familia yote, poleni. Pole ya mwaka mzima bado haijatosha. Nasi tujiulize: leo mtu akituuliza njia, tutamnyooshea kidole tu, au tutamsindikiza hadi kona?

Ukifungua njia ile sasa, utasikia sauti ya mwanamume, anakohoa kwanza: "Chamgei. Usishuke, daraja ilienda. Kuja hapa juu kwa Edinah, nitakupeleka mwenyewe. Pole pole."